Uji wa Kusimamisha Kijiko

Siku mjukuu wangu Kibonge alipotimiza miezi sita, mwanangu alitangaza kwamba uji wa mtoto atapika yeye. Ni fundi mwashi, amejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, tumbo la mtoto litamshinda nini? Mimi nimelea sita, yeye akiwa wa nne, lakini nani ananiuliza?

"Mama, wewe pumzika. Mambo ya siku hizi yana vipimo."

Nikapumzika. Mdomo nikautia kufuli, nikamenya viazi vyangu.

Alikoroga kama anachanganya zege. Kisha akachomeka kijiko katikati ya sufuria. Kikasimama wima.

"Umeona, Mama? Maji yakizidi, ukuta unapasuka."

"Kweli kabisa," nikasema. "Tusije tukapasukiwa na mtoto."

Hakunisikia, masikio ya fundi yamejaa vumbi. Akaponda na ndizi humo, ili uji ukamate vizuri. Kibonge, maskini, akaachama kama kifaranga. Vijiko kumi na viwili, mara tatu kwa siku. Mama yake akitaka kumnyonyesha, fundi anasema, "Mwache, ameshiba."

Siku ya kwanza nepi ilitoka bila choo. Fundi akafurahi kuokoa sabuni. Ya pili vilevile. Ya tatu mtoto akawa anakunja miguu, uso umeiva kama nyanya, analia hadi sauti inakauka. Mkwe wangu, mama yake, likizo ya uzazi ilikuwa imemwishia, Jumatatu arudi kiwandani kushona.

"Mama," akaniambia, machozi yanamlenga, "nikimwacha hivi sitashona hata kola moja."

Siku ya nne, Jumamosi, tukaenda kliniki. Nesi akambonyeza Kibonge tumbo, akauliza anakula nini. Fundi akaeleza kwa fahari, vipimo vyote.

Nesi akavua miwani. "Baba Kibonge, huyu ni mtoto au nguzo?"

Mimi nikatazama dari. Dari nzuri sana, ile.

"Tumbo lake ndiyo kwanza linajifunza," nesi akaendelea. "Anza na vijiko viwili vitatu. Uji laini, usiwe maji, lakini kijiko kisisimame. Mpondee papai. Maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo. Na anyonye kila anapotaka. Akitapika, tumbo likivimba, au kesho akikosa choo, mrudisheni."

"Na ndizi?"

"Ndizi kula wewe, baba."

Nyumbani akanyonya, akala papai. Nikamlaza mapajani, nikamsugua tumbo taratibu, nikamchezesha miguu kama anaendesha baiskeli. Jumapili asubuhi fundi, ndani ya shati lake jeupe, akaomba kumshika. Kibonge akakunja uso. Akanyamaza. Akasukuma.

Nepi ilizidiwa. Shati nalo likapata fungu lake.

"Amepata!" fundi akapiga kelele hadi majirani wakachungulia. "Mama, amepata choo!" Utadhani amemaliza ghorofa ya kumi. Mkwe wangu akacheka huku analia.

Jumatatu yeye akaenda zake kiwandani, roho imetulia. Fundi akanikabidhi mwiko kwa mikono miwili, kama anayekabidhi funguo za nyumba. Halafu akanionyesha kikombe. Alikuwa amechora mstari kwa penseli yake ya kazi.

"Mama, maji yafike hapa. Yasizidi."

"Sawa, baba," nikamjibu.

Alipotoka nikakiosha kikombe vizuri, kwa sabuni ile aliyookoa.