Rangi ya Wodi ya Wazazi

Mimi si mtu wa kuamini watu ovyo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata kuku akiniletea yai mwenyewe, nitamuuliza kalitoa wapi. Sikatai. Chama cha wanawake hakiongozwi kwa kuchekacheka.

Kazi yetu ni rangi. Tunazunguka kwenye majengo mapya kuomba mabaki ya rangi ya maji ambayo mafundi wangeyamwaga mtaroni. Tunayachuja kwa kipande cha chandarua, tunayachanganya kwenye pipa moja, kisha tunapaka bure shule, zahanati na nyumba za wazee. Ubaya wa mabaki ni kwamba kila pipa hutoa rangi yake, na likiisha limeisha. Ndiyo maana pipa moja huwa la jengo moja. Na kanuni ya kwanza, niliyoiandika kwa mkono wangu ukutani mwa ghala, inasema mwanachama asichote hata kikombe kwa ajili ya nyumba yake wala ya ndugu yake.

Mimi mwenyewe sikujipendelea. Mama yangu alinipigia akasema chumba chake kimeota ukungu, kikohozi hakimwachi, akaniomba japo ndoo moja. Mikono yangu ilikuwa imejaa rangi, simu nimeiweka kwenye spika, ghala zima likasikia. Nikamwambia, "Mama, kanuni ni kanuni. Nikikupa wewe, kesho kila mtu atakuja na mama yake." Akasema, "Haya, mwanangu." Siku hiyo nilijiona kiongozi kwelikweli.

Pipa la wodi ya wazazi lilitoka zuri kuliko yote tuliyowahi kuchanganya. Kijani chepesi, kama ndizi iliyoanza kufikiria kuiva. Aliyekipata ni Mwiko, mchanganyaji wetu, tuliyempa jina hilo kwa ajili ya mti wake wa kukorogea ambao hamwachii mtu aushike. Kuta nilizipima mwenyewe. Rangi ingetosha na kubaki kidogo tu. Muuguzi mkuu alitueleza kuwa mkaguzi wa afya anakuja Jumatatu, na wodi yenye ukuta usiopakwa haipitishi. Wakati huo kina mama walikuwa wanalala na vichanga kwenye ujia, watu wakiwaruka miguu.

Jumatano nikaona rangi imeshuka pipani. Nikachora mstari kwa msumari ndani ya pipa, nikafunika. Kesho yake rangi ilikuwa vidole vinne chini ya mstari. Ufunguo wa ghala tunao wawili tu, mimi na Mwiko. Sasa mimi sijiibii.

Nikaanza kumtazama. Siku ile tulikuwa tunakwangua kuta tu, hakuna aliyegusa rangi, lakini kucha zake zilikuwa za kijani.

"Umepaka wapi?" nikamuuliza.

"Nimeosha brashi tu, Mwenyekiti."

Nilipompa kisogo nikaenda kuzigusa brashi. Zilikuwa kavu kama mifupa. Ijumaa akaaga mapema, mkononi ana ndoo iliyofunikwa kitambaa, bega limeinama kwa uzito. Eti anapeleka maji machafu akayamwage mbali. Nikajisemea moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Nikawaza atakuwa anaiuza, au anajipambia sebule. Iliniuma, kwa sababu kusema kweli nilikuwa nampenda Mwiko.

Jumamosi rangi ikaisha kabla ya ukuta. Kando ya mlango palibaki peupe, upana wa kitanda kimoja. Wanawake wakashusha brashi. Nikawaita wote palepale.

"Mwiko, rangi imekwenda wapi?"

"Nitakwambia tukiwa wawili."

"Hapa hatuna siri. Sema mbele ya wenzako."

Akanitazama. Nilitegemea aibu, lakini usoni mwake niliona kama huruma, na huruma ile ndiyo iliyonipandisha hasira kabisa. Akauweka mti wake dirishani.

"Basi nimechukua mimi. Nifukuzeni."

Nikamfukuza.

Mimi nikiwa na hasira huenda kuzimwaga kwa mama. Jumapili nikauchukua ule mti kama ushahidi, nikautia kwenye mfuko, nikaenda. Nilikuwa sijakanyaga kwake miezi mitatu, na kila wiki nilikuwa na sababu nzuri. Nikabisha hodi, nikapita moja kwa moja chumbani.

Kuta zote nne zilikuwa za kijani. Kijani chepesi. Kijani changu.

"Karibu, mwanangu!" Mama akanishika mikono miwili. "Ahsante. Kikohozi kimeniacha, usiku nalala. Huyo rafiki yako ana mkono mwepesi! Amekwangua ukungu wote, amepaka, hata kitanda amekisogeza peke yake."

Nikaugusa ukuta.

"Alisema umemtuma wewe, ila unaona haya kuvunja kanuni mbele ya watu. Akaniomba nisikushukuru kwenye simu, maana simu yako inasikika ghala zima." Akacheka. "Mbona hukuja naye?"

Nikakaa kitandani. Mfuko ukapinduka, mti ukaanguka sakafuni. Mama akauokota, akaupangusa kwa upindo wa nguo yake.

"Kumbe ameusahau. Mrudishie leo hii, mwanangu, kesho atauhitaji."

Kesho mkaguzi anakuja. Ghalani kulikuwa na makopo machache ya mabaki, na mtu pekee aliyeweza kuikaribia rangi ile nilikuwa nimemfukuza mbele ya watu. Nikatoka uani nikampigia, safari hii bila spika. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.