Nguvu Isiyokula Ugali

Umewahi kuweka mkono juu ya bomba la chuma ukasikia mlima mzima unatetemeka ndani yake? Mimi nimeweka. Ilikuwa juu ya Ibanda, kwenye bonde la Mubuku, na kando yangu alisimama mume wangu Hilaire, kofia mkononi kama mtu aliyeingia kanisani. Bomba lilishuka kutoka juu kabisa, nene kuliko ng'ombe, likazama ndani ya nyumba ndogo ya mitambo ya umeme. Nilitafuta moshi. Maisha yangu yote, penye kazi kubwa niliona moshi. Hapa hewa ilikuwa safi, na ndege walikuwa wanalia.

"Mzee, hii maji iko ya theluji," Siraje, aliyetuleta kwa gari lake, alitupigia kelele ili tumsikie. "Iko inatoka kule kwenye weupe, inaingia hapa, inapanda kwa waya. Inatufikia mpaka Bwera."

Hilaire aliweka mkono wake kwenye bomba. Akauondoa, akautazama, akaurudisha.

Ngoja nikueleze kilichotufikisha pale. Tulipokimbia vita Butembo, kule Kongo, watu walibeba magodoro na mbuzi. Hilaire alibeba injini. Aliifungua vipande, akavifunga kwa vitenge vyangu vizuri, tukavuka mpaka tukisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, kama watu wanaosindikiza maiti. Tulipofika Bwera, upande wa Uganda, akaiunga tena, akaijengea kibanda cha mabati, tukawa wenye mashini ya kusaga muhogo. Kila asubuhi aliizungusha kwa mkono wa chuma. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikakohoa tena, halafu ikashika. Wateja walijua: humwagi muhogo kabla haijamaliza kukohoa. Unga wetu ulinuka mazutu kidogo, ile dizeli yenyewe, na wako watu waliosema ugali wa unga mwingine hauna ladha.

Halafu nguzo za umeme zikaja. Mwanzo sikuona kitu, waya tu na kunguru. Lakini kila mahali waya ulipoingia, kazi iliota. Fundi wa milango ya chuma akaacha kupuliza mkaa, akachomelea kwa umeme, cheche zikaruka mpaka barabarani. Kijana mmoja, Swalik, akaleta sanduku la kuangua mayai, vifaranga vikalia mahali ambapo hakuna hata kuku mmoja. Mariat, jirani yetu, akauza maji ya matunda yenye baridi ya mlimani, na madereva wa malori waliokuwa wanapita wakaanza kusimama. Waliposimama, wakala. Walipokula, mama wa chapati akaongeza jiko.

Mjukuu wangu Aimée, anayesoma Kasese, alinieleza jinsi nchi za viwanda zilivyokua. "Koko, batu ya kule hawana mikono mingi kutushinda. Walipata nguvu isiyokula ugali. Kila mutu ni kama iko na wafanyakazi mia nyuma yake, hawaonekani, hawachoki."

"Utajiri ndio ulileta umeme," nikamuuliza, "ao umeme ndio ulileta utajiri?"

Akacheka. "Hata walimu wetu wanagombana juu ya hiyo."

Mimi nilikuwa nimeona yote mawili kwa macho yangu. Nguzo zilikuja kwa sababu soko lilikuwepo, na soko likanenepa kwa sababu nguzo zilikuja. Nilikuwa ninakaa mlangoni, ninatazama barabara yetu inavyokua kama mtoto aliyepona ugonjwa.

Kibanda chetu tu ndicho kilichokonda. Wateja walipeleka muhogo Kinyamaseke, kwenye mashini ya umeme. Siraje, mwenye malori, alikuwa na mota yake mpya ya umeme lakini hajui unga. Alikuja mara nyingi. "Mzee, mimi niko na mota, wewe uko na mikono. Tuungane." Hilaire alisema hapana. Hakutoa sababu. Niliona wazi tunakokwenda: kibanda kikifungwa, tutarudi kupanga foleni ya chakula cha msaada, kama tulipofika.

Mwisho Siraje akasema, "Pandeni gari, niwaonyeshe inakotoka. Mzee akirudi bado hataki, mimi sitasema tena." Ndipo tukapita Kikorongo na Kasese, tukafika kwenye bomba lile.

Tukageuza gari kurudi. Tulipoona mataa ya Bwera Hilaire alinigeukia, akasema neno moja juu ya ile mota: "Alete."

Siku ya kwanza ya mota wanawake walijaa na mabeseni yao. Fundi wa umeme akabonyeza swichi. Mota ikaanza mara moja, bila moshi, ikiimba kama nyuki. Na Hilaire akasimama palepale, gunia begani, shingo ameinamisha, anasikiliza.

"Papa Hilaire!" Mariat akaita. "Unangojea nini? Ikohoe?"

"Labda mpaka aipatie dawa ya kifua!" mwingine akasema. Kicheko kikavunja kibanda. Naye akacheka, akamwaga muhogo. Unga ukashuka mweupe, mwepesi, hauna harufu yoyote. Niliukinga mkononi. Theluji ya Rwenzori, niliyoitazama kwa mbali tangu utoto, ilikuwa imenisagia chakula.

Saa sita muhogo wote ulikuwa umekwisha. Zamani tungekuwa bado tunasaga mpaka jua lizame. Tukakaa kwenye benchi, hatuna la kufanya, kama wageni kwetu wenyewe.

"Mzee," nikasema, "kitu kizuri hivi, ulikuwa unakikataa kwa nini?"

Alipangusa unga kwenye nyusi. 

"Ile ya mazutu inafunguliwa, inabebwa," alisema. "Hii imefungwa kwa nguzo. Ukiipokea, umekaa."

Akatazama barabara, upande wa mpakani.

"Nilitaka turudi Butembo, Kahambu. Nilitaka ile injini ilie tena pale kwa kilima cha mama yangu."