Namba ya Diski

Kwandu alipangusa diski ya kwanza kwa pindo la kanga, akaitia kwenye kompyuta, akangoja. Duka lake lilikuwa jirani na stendi ya Bariadi, na kazi yake ilikuwa kuhamisha nyimbo kutoka kwenye CD za watu, kuziandikia majina na kuziweka kwenye flashi. Mteja wa siku hiyo alikuwa Mboje, mtoto wa mke mwenza wa bibi yake, ambaye Kwandu alimwita baba mdogo. Alikuwa ametoka kijijini kwao, upande wa Dutwa, na albamu mpya ya manju Mayige. Ilikuwa na diski tatu. Mbili zilijaa nyimbo; ya tatu ilikuwa na nyimbo tatu tu.

"Fanya haraka, mwanangu," alisema Mboje. "Gari linaondoka."

Kwandu akaandika jina la msanii, jina la albamu na namba za nyimbo. Namba za diski akaziacha. Mtu wa kazi hii anajua kinachofuata: kompyuta isipoambiwa wimbo ni wa diski ipi, hupanga nyimbo za kwanza za diski zote, kisha za pili zote, kisha za tatu. Hivyo wimbo uliopaswa kufunga albamu nzima ukajikuta wa tisa. Mboje alichukua flashi yake, na kufikia jioni kila pikipiki ya kijijini ilikuwa inapiga albamu hiyo.

Mayige alikuwa manju wa kuaminika. Alichoimba hutokea, tena kwa mpangilio wa nyimbo, na watu walipanga kilimo chao kwa kumsikiliza. Diski ya kwanza ilihusu pamba, ya pili harusi. Ya tatu ilimhusu Ng'washi, bibi yake Kwandu. Kabla ya kuirekodi, Mayige alikaa wiki nzima kwa Mboje, akila vizuri. Kwandu hakuwa ameisikiliza. Wanaohamisha nyimbo kwa wingi huwa hawasikilizi.

Jumamosi moja alikwenda kumsalimia bibi, akamkuta jikoni anachochea moto wa samadi.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola."

Bibi akampa sahani ya michembe ya viazi, akakaa. Pamba ilikuwa imepandwa, alisema, ng'ombe wa mahari wakapita, ndama wa Mboje wakafa. Kisha palizi, kisha bibi harusi akaja. "Na leo wameanza kunitaja kisimani, ati macho yangu mekundu kama ya mchawi. Huo si wimbo wa pili wa diski ya tatu? Mbona umewahi hivi?"

"Mimi ndiye sikuweka namba za diski, bibi."

"Basi nenda kaweke."

Kwandu aliuliza wimbo wa tatu unasemaje. Bibi akamwimbia kidogo, kwa sauti ya chini, maana ulikuwa na mahadhi mazuri. Ulisema Ng'washi amelala kwenye mahindi yake, panga limepita, na majaruba ya mpunga aliyoachiwa na mumewe yamepata mwenyewe. Kwandu akaweka sahani chini, akaaga.

Alirudi mjini, akaufuta wimbo kwenye kompyuta. Dakika ileile jirani akapiga simu kusema bibi hayupo; si kwamba ametoka, hayupo, na mlango wa nyumba yake umekuwa ukuta. Wimbo ule ndio pekee duniani uliomtaja Ng'washi. Kwandu akaurudisha, na bibi akarudi, akilalamika kwamba uji wake umepoa.

Akaandika namba za diski, moja, mbili, tatu, na mazishi yakarudi mwisho. Lakini mwisho nao hufika. Alikwenda kushtaki kwenye ofisi moja, akaulizwa kama kuna marehemu, akaambiwa arudi akipatikana. Akamleta bibi akae naye mjini. Usiku wa kwanza mahindi yakaota kwenye sakafu ya saruji, na kufikia siku ya tatu yalikuwa yanagusa kiuno. Bibi akafunga mzigo wake arudi kijijini, akasema kama ni mahindi, yake ni mazuri zaidi.

Ndipo Kwandu akauhamishia wimbo ule diski ya nne, na kwenye ya tatu akaweka kwaya ya kanisa. Kijijini wakafanya mkutano wa injili wa siku kadhaa. Akausogeza hadi diski ya tano, akatanguliza nyimbo za ubarikio wa vijana kanisani. Kisha hadi ya sita, akatanguliza ngoma za mavuno. Alisaka CD kuukuu Maswa mpaka Kalemela. Watu wa kijijini walichoka kwa sherehe, wakakondeana, ila hakuna aliyelalamika. Wanaume waliokuwa wamenoa mapanga waliyaegemeza ukutani, wakamwezekea Ng'washi paa upya, kwa kuwa muda ulikuwepo. Walimsalimia kila asubuhi kwa heshima. Hakuna aliyesema kwamba ile kazi ya mapanga haifai, na hilo ndilo lililomkosesha Kwandu usingizi. Aliogopa akiwa dukani, aliogopa akioga, na kila alipohifadhi faili alihesabu pumzi za bibi kichwani.

Juzi Mboje alikuja tena dukani. Alivua kofia, akatoa CD ya harusi ya binti yake.

"Weka na hii. Sisi hatuna haraka."

Kwandu alimshukuru kwa dhati, akaisikia shukrani hiyo ikitoka mdomoni mwake. Akaiweka CD. Wimbo wa bibi ukasogea hadi diski ya tisini na tisa.

"Na baada ya hapo?" aliuliza Mboje, akiinama kutazama kioo.

Kwandu akaandika mia moja. Kisanduku cha namba ya diski kinapokea tarakimu mbili tu, kikaandika kumi. Diski ya kumi ilikwisha kuimbwa tangu kipupwe; wimbo wowote wa humo zamu yake imekwisha kufika. Akafuta haraka, akakosea, akafuta tena, akarudisha tisini na tisa, kisha akashika simu kwa mikono miwili ampigie bibi.

Mboje akamwambia asihangaike kumaliza salio bure. Yeye gari lake linapita palepale kwa mama mkubwa, atashuka amwambie.