Posti za Mama Cherono

Tangu Gideon apate kazi Mombasa, Murunga alibaki peke yake kwenye karakana yao nje kidogo ya mji wa Eldoret. Waliianzisha pamoja, wakiyeyusha plastiki kuukuu na kutengeneza posti za fensi. Sasa mashine ikinguruma, Murunga angepaza sauti kusema jambo, kisha akumbuke hakuna wa kujibu.

Posti za kwanza zilitokana na mitungi ya maji. Ungezigonga kwa nyundo zisivunjike, ila zikivutwa na waya juani zilipinda. Akaongeza vikombe vya yogati, plastiki ile kavu inayokatika kwa kishindo. Posti zikasimama wima. Halafu ng'ombe wa Mama Cherono, mteja wao kule Moiben, akajikuna kwenye moja, ikakatika katikati.

Murunga alipotazama pale ilipokatika, aliona tabaka zinabanduka kama karatasi. "Moja laini, nyingine ngumu," alisema, "na hazishikani."

Alijaribu kupunguza hiki na kuongeza kile, akala chakula cha mchana amesimama, bila mtu wa kumwambia apumzike. Siku moja akatia soli za viatu vilivyochakaa, zile za mpira unaoyeyuka, akidhani huenda zikaunganisha zile plastiki mbili. Posti ilipopoa akaikata kwa msumeno. Ndani hakuna tabaka. Akagonga nyingine kwa nyundo. Ikatetemeka tu.

Akampigia Gideon.

"Imeshika!"

"Nini imeshika?"

"Posti! Haipindi, haivunjiki."

"Poa sana. Niko kazini, nitakupigia."

Murunga akaiweka simu karibu, akaketi kwenye ndoo. Giza lilipoingia akafunga mlango.

Jumamosi alipeleka posti Moiben, akazichimbia mwenyewe. Ng'ombe yule yule akaja, akaegemea kwa uzito wake wote. Posti ikainama kidogo, ikarudi.

"Hii sasa imekubali!" Mama Cherono akacheka. "Na yule mwenzako ako wapi?"

"Alienda Mombasa, Mama."

"Kwa hivyo hii yote umefanya pekee yako?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Ndio, Mama."

"Basi kuja unywe chai."

Jikoni alieleza habari za soli, akamaliza, akajikuta anazianza upya. Mama Cherono hakumkatiza. Mvua ikaanza kupiga mabati, naye akamwongezea chai. Hata mvua ilipokatika, Murunga hakuwa na haraka ya kuinuka.