Mpira wa Bluu

Kila Jumatatu na Alhamisi, nikiwa nimeunganishwa na mashine ya kusafisha damu, niliusikiliza mpira wa bluu ukimwaga maji uani. Mgonjwa wa figo aliyepimiwa nusu lita ya kunywa kwa siku hawezi kuizoea sauti hiyo. Mwaka ule mvua ilikawia, na boza la maji likawa linafika hospitalini kwetu Hargeisa mara moja tu kwa wiki. Daktari alitutangazia kwamba hali ikiendelea hivyo, zamu ya Alhamisi itafutwa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa na maana ya siku saba za maji kunipanda mapafuni.

Nilimwuliza Guuleed, fundi wa mitambo, maji ya mpira yanatoka wapi. Alinieleza kuwa mtambo huchuja maji ya tenki kabla hayajafika kwenye mashine zetu, na mabaki yenye chumvi kidogo humwagwa, mapipa sita kwa siku. Yanayopita kwa wagonjwa hushuka kwa bomba jingine kabisa. Nikawaza: tenki letu tunalichangia na chumba cha kufulia. Kingefulia mabaki, maji ya tenki yangebaki kwa mashine, na Alhamisi yangu ingepona.

Shangazi Kaltuun, mkuu wa kufua, alikataa. Wagonjwa huswali juu ya mashuka yake.

"Mwalimu," aliniambia, "hayo yamepita kwenye damu za watu. Ni najisi."

Sikubishana naye. Ijumaa, vitanda vikiwa vitupu, nilimwomba Guuleed awashe mtambo wa kuchuja tu, bila mashine za damu, tukasimama uani sote watatu. Mpira ulikohoa, kisha ukatoa maji. Kaltuun aliingia wodini, akakagua kitanda baada ya kitanda, hata mvunguni, akarudi.

"Nani amelazwa humo?"

"Labda jini mwenye figo mbovu, shangazi," alisema Guuleed.

Hakucheka. Alikinga kikombe, akaitazama rangi, akanusa. Ilibaki ladha, ya mwisho kati ya sifa tatu za maji tohara. Hapo alisita, akaninyooshea kikombe.

"Onja wewe uliyeleta maneno."

Tangu asubuhi nilikuwa nimejinyima, nikiweka akiba kwa ajili ya maziwa ya ngamia ya jioni. Nilikunywa funda moja, kisha la pili ili niwe na hakika.

"Ni kama kisima cha kwetu mwishoni mwa kiangazi," nilisema.

Kaltuun aliuliza: "Na hayo yanakatwa kwenye nusu lita yako?"

"Yanakatwa."

Alikichukua kikombe mkononi mwangu, akaonja mwenyewe, akayazungusha maji kinywani kabla ya kuyameza.

"Sabuni haitatoa povu," alisema, akaenda kuleta mapipa.

Alhamisi niliunganishwa saa yangu ile ile. Nilitega sikio: maji yalikuwa yakidondokea ndani ya pipa, na Kaltuun alikuwa akiigombeza sabuni.