Mfuga Ng'ombe Aliyekataliwa na Seva

Saa tano u nusu asubuhi shangazi alinipigia simu ya tatu. Orodha ya upasuaji wa macho ilikuwa inafungwa saa sita kamili, na fomu ya hospitali ya mtandaoni ilikuwa imemtema mara kumi. Fomu hiyo nimeitengeneza mimi.

"Mwanangu, mtambo wako unanibagua!"

"Shangazi, kwangu unakubali. Nimejaza habari zako zote, hadi kazi: mfugaji. Imepita kama maji."

"Basi wakupasue wewe."

Kubahatisha kukaishia hapo. Nikaamua kuunganisha kihariri changu cha msimbo, yaani programu ninayoandikia kazi zangu, na seva yenyewe ya hospitali, niitazame programu ikifanya kazi kule kule. Nikaweka anwani, nikabandika kitone chekundu kwenye mstari niliokuwa naushuku: programu ikifika hapo, isimame nichungulie. Kitone kikageuka kijivu. Shangazi akatuma, programu ikakipita kama hawajuani.

Nikampigia wifi yangu, mtunza seva. Ofisini tunasema wifi huyu hakatiki hata umeme ukikatika.

"Wifi, folda kwako inaitwaje?" akaniuliza.

"Fomu."

"Huku ni fomu_mpya. Unapiga hodi nyumba siyo, halafu unanuna hufunguliwi! Kiambie kihariri chako folda hizo mbili ni moja."

Mstari mmoja tu kwenye mipangilio. Kitone kikaiva kama pilipili.

"Shangazi, tuma!"

Ikasimama! Niliruka hadi kiti kikaanguka. Nikasogeza kishale kwenye "kazi", na maneno yake yakajitokeza kama alivyoyaandika mwenyewe: mfuga ng'ombe. Kale kaalama ka juu kwenye ng', seva ilidhani ndio mwisho wa maneno. Ombe akabaki nje ya zizi, fomu nzima ikakataliwa. Nami, kwa ujuaji wangu, nilikuwa nimemfupishia.

"Shangazi, andika mfugaji tu, zimebaki dakika kumi."

"Mimi nafuga ng'ombe, sifugi hewa. Rekebisha!"

Nikatenganisha amri za seva na maneno ya watu, ili mtu aandike ng'ombe au ng'ambo bila kuvunja kitu. Wifi akayapandisha mabadiliko kwenye seva huku akinicheka waziwazi. Saa sita kasoro dakika tatu, shangazi akatuma.

Nikaibana simu sikioni.

"Shangazi?"

"Ngoja, macho yenyewe si ndiyo haya! Imeandika... thelathini na tisa. Ndiyo nini?"

"Ndiyo nambari yako kwenye orodha! Umeingia!"

Akapiga kigelegele. Nikamjibu kwa changu, ofisi nzima ikageuka.