Sosi ya Kapteni

Kifua cha bata mzinga kilikuwa kimebaki tangu Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, na Saidati alikikata vipande vyembamba, kama kwa mtu mwenye meno mabovu. Aliyeagiza ni Kapteni Igor. Huyu alikulia Arusha, akaendesha gari la Wazungu, na huko ndiko alikojifunza kula mkate usio na kifuniko: vipande viwili vya mkate uliochomwa, nyama ya moto juu yake, kisha sosi ya jibini inamwagwa mpaka mkate hauonekani. Tangu askari wake waanze kupita vijiji vya Kanama na orodha ya majina ya watu wa kukamatwa, alikuwa akija kwenye hoteli hii ya ufukweni mwa ziwa kila Jumamosi, na akija alitaka hicho hicho.

Saidati aliyeyusha siagi, akatia unga, akaongeza maziwa kidogo kidogo bila kupumzisha mkono. Jibini ya kienyeji, ya Gishwati, ikaingia mwisho. Chumvi aliikisia kwa jicho. Ilikuwa siku ya nne ya Ramadhani, na hotelini hakuna asiyejua kwamba mwezi huu Saidati haonji kitu.

Vénuste, mhudumu aliyetoka Kanama wiki tatu zilizopita, akachungulia mlangoni.

"Mama Saidati, alasiri inakupita. We enda ukasali, mi nitakoroga."

"Wewe? Jana umeunguza maji ya chai!"

"Maji haiunguake, Mama."

"Yako iliungua." Akacheka, akamwachia mwiko.

Aliporudi, Vénuste hayupo. Sosi ilikuwa imeshika ngozi juu, na mwiko umeoshwa kwa sabuni, umewekwa kando. Mtu asiyekoroga anaosha mwiko wa nini? Saidati alijiambia ni njaa inayomsumbua kichwa. Akakoroga, akamwagia nyama, akapeleka sahani mwenyewe. Vénuste alikuwa mezani tayari, anapanga glasi.

"Mama, onja basi," kapteni alisema, nusu utani.

Katika nchi hii, mwenye kukaribisha huonja kwanza mbele ya mgeni, hata kama mgeni ni ndugu yake wa tumbo moja, ili ajue hakuna sumu. Ukikataa, umejitaja kuwa ndiye uliyeitia.

"Afande, mi nimefunga."

"Ah, nimesahau. Yule mama aliyenilea Arusha alikuwa Mwislamu. Sitakulazimisha kufungua." Akachukua uma.

Hapo ndipo Saidati alipoukumbuka tena ule mwiko. Aliyefanya jambo hili, kama lipo, alikuwa ameitegemea saumu yake. Kapteni akianguka, mpishi aliyekataa kuonja hataulizwa mara mbili. Na kama ni mwiko tu uliooshwa na mtu anayependa usafi, basi neno moja litamuua kijana wa watu bure.

Uma ulikuwa umeshachoma nyama.

"Ngoja, afande," alisema, akijilazimisha kucheka. "Vénuste ndiye alikoroga. Aonje yeye, tuone kama amejifunza kazi."

"Mi?" Vénuste alitabasamu. "Hii nyama ya dindon inaniumizaka tumbo."

"Lamba sosi peke yake," kapteni alisema.

Vénuste alichota kijiko. Kikafika karibu na mdomo, kikainama, sosi ikadondoka kifuani kwenye shati jeupe. Akaifuta haraka kwa kitambaa cha meza. Kisha akafuta vidole, kimoja kimoja, kwa bidii, hata kile ambacho hakikuguswa na kitu.

Kapteni alilaza uma pembeni mwa sahani.

"Gatete," alimwita askari wake barazani, bila kupandisha sauti. "Ingia, ufunge mlango. Mama, wewe rudi jikoni."

Jikoni, juu ya kabati, kulikuwa na kikombe chake cha maji na tende tatu alizojiwekea tangu mchana kwa ajili ya futari. Kikombe kilikuwa wazi. Alisimama akikitazama, akijaribu kukumbuka kama alipokwenda kusali alikiacha kimefunikwa.

Adhana ya magharibi ikaanza. Saidati alimwaga maji nje, akatupa tende motoni, akaketi na kiu yake, akisikiliza kiti kikiburutwa chumba cha pili.